Mita moja, vyumba sita: bei nafuu ya stima inavyowapita wapangaji wa Mombasa

Katika bei za stima zilizoanza kutumika Kenya mwezi Aprili 2023, mnyonge anatambuliwa kwa kipimo kimoja tu: mita yake haikupita yuniti 30 kwa mwezi. Huyo hutozwa bei ya msingi ya karibu Sh12 kwa yuniti. Mita ikipita 30 lakini isivuke 100, bei hupanda hadi Sh16 na senti kadhaa. Ikivuka 100, bei zilipotangazwa ilikuwa karibu Sh21. Senti zimebadilishwa kidogo baadaye, hasa kwa kundi la juu, ila mpango wenyewe ulijengwa juu ya namba hizo mbili, 30 na 100, na ndizo zinazoamua nani ahurumiwe na nani alipe kamili.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na ninazitazama namba hizo nikiwa hapa. Kaunti yetu ilihesabiwa kuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, na wengi wao ni wapangaji. Nguzo na nyaya zimefika karibu kila mtaa, kutoka Changamwe hadi Mtongwe. Tatizo letu kubwa, tofauti na la jirani zetu wa mashambani Kilifi na Kwale, silo kufikiwa na stima. Letu ni kwamba bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo inampita mlangoni, kwa sababu imefungwa kwenye mita na mita si yake.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Majengo, Kisauni au Likoni: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, jikoni na choo uani. Kila chumba kina familia, au vijana wawili watatu wanaochangia kodi. Mita ni moja, karibu na mlango wa mbele, kwa jina la mwenye nyumba, na mara nyingine kwa jina la marehemu babake. Chumba kimoja kina taa, pangaboi, televisheni ndogo na simu za kuchaji. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo taa ya wati 10 kwa saa sita haifikishi hata sehemu ya kumi ya yuniti. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano ni robo yuniti. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa kumi ni yuniti 0.6. Jumla ni karibu yuniti 0.9 kwa siku, yaani 27 kwa mwezi.

Kwa hiyo mpangaji huyo, angekuwa na mita yake, angekuwa ndani ya bei nafuu. Lakini vyumba ni sita, na 27 mara sita ni 162. Mbele ya mtambo wa Kenya Power, kampuni inayouza stima, nyumba hiyo nzima ni mteja mmoja aliyevuka 100, na anatozwa kama mwenye bangaloo ya Nyali lenye hita ya maji na viyoyozi. Kwa bei za msingi za 2023, kila chumba kinalipa karibu Sh236 zaidi kwa mwezi kuliko ambavyo kingelipa kwa mita yake, kabla ya ushuru na tozo nyingine. Kwa mtu anayelala Likoni na kuvuka feri alfajiri kwenda kutafuta kibarua, hizo ni nauli za siku kadhaa.

Sasa ligeuze upande wa pili. Kuna fleti nyingi ufuoni, Nyali na Bamburi, ambazo wenyewe wanaishi Nairobi au ng'ambo na hufika kupumzika wikendi moja moja. Fleti iliyofungwa miezi miwili haitumii yuniti 30. Mita yake inasoma kama mita ya mnyonge, na wastani huchukuliwa kwa miezi mitatu, kwa hiyo hata wikendi ya wageni hupita bila kuliondoa jina lake kwenye kundi la chini. Simlaumu mwenye fleti, hakuomba. Lakini sera inayompa nafuu mwenye nyumba tupu na kuwanyima watu kumi na tano walio chini ya paa moja Majengo ni sera ambayo haikuuliza watu wanaishije.

Namba 30 yenyewe haina asili ya kuheshimika. Hadi katikati ya 2018, yuniti 50 za kwanza zilikuwa Sh2.50 kila moja, ingawa kila mteja alilipa pia ada ya kudumu ya Sh150 kwa mwezi, atumie asitumie. Agosti 2018 ada hiyo iliondolewa, na nafuu ikakatwa hadi yuniti 10. Watu walipiga kelele, na Novemba mwaka huohuo mpaka ukasukumwa hadi yuniti 100 kwa Sh10. Januari 2022, baada ya jopo la serikali lililoongozwa na John Ngumi kuchunguza mikataba ya wazalishaji wa umeme, bei hiyo ilishuka hadi Sh7.70. Mwaka ulipoisha punguzo nalo likaisha, na Aprili 2023 mpaka ukarudishwa chini hadi 30. Hamsini, kumi, mia, thelathini, ndani ya miaka isiyofika mitano. Mahitaji ya chumba cha mpangaji hayakubadilika namna hiyo. Kilichokuwa kikibadilika ni shinikizo la siasa na hali ya mfuko wa kampuni.

Jambo lililozungumzwa kidogo zaidi ni mageuzi ya namna ya kuhesabu, nayo yana uzito kuliko namba. Kabla ya 2018 bei ilipanda kwa ngazi: yuniti 50 za kwanza zilikuwa nafuu kwa kila mteja, na ukizipita, zile za ziada tu ndizo zilikuwa ghali. Tangu hapo mteja huwekwa ndani ya kundi, na yuniti zake zote hutozwa kwa bei ya kundi hilo. Matokeo yake ni haya. Kwa bei za msingi za 2023, yuniti 30 zilikuwa takriban Sh367. Yuniti 31 zilikuwa takriban Sh505. Yuniti ile moja ya thelathini na moja ilimgharimu mtu karibu Sh138. Penye 100 ni vibaya zaidi: kutoka yuniti 100 hadi 101 kuna pengo la karibu Sh488. Hii ndiyo sababu watu hununua tokeni za Sh500 mwezi huu wakapata yuniti pungufu kuliko za mwezi uliopita, wakaamini wameibiwa. Wastani wao wa miezi mitatu umepita mpaka, na hakuna aliyewaeleza.

Ndani ya nyumba ya vyumba sita, mpaka huo huzaa ugomvi. Wenye nyumba wengine hujumlisha stima kwenye kodi, na mwenye taa tu anamlipia mwenye friji. Wengine hutoza kwa kifaa: friji ongeza kiasi hiki, pasi marufuku, jiko la umeme usilete kabisa. Wengine hufunga mita ndogo kwa kila chumba na kuuza yuniti kwa bei waliyoamua wenyewe, mara nyingi juu kuliko waliyonunulia, na mpangaji hana risiti wala wa kumlalamikia. Tokeni zikiisha saa nne usiku, swali la nani aliyenunua mara ya mwisho linagonganisha milango. Ninawajua akina mama waliohama nyumba nzuri, yenye kisima na majirani wema, kwa sababu ya mita tu.

Na hapa hali ya hewa ni lazima itajwe, kwa sababu mipaka hii ni ileile nchi nzima. Nyeri au Limuru, chumba hakihitaji pangaboi. Mombasa, kaskazi inapokatika na kusi haijaingia, msimu wa tangambili, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku huwa vigumu kushuka chini ya 24. Chumba cha bati chenye dirisha moja hakilaliki, na mtoto mchanga hulia hadi alfajiri. Angalia tena hesabu yangu ya yuniti 27: 18 kati ya hizo ni za pangaboi peke yake. Ukiongeza friji ndogo, ambayo hula karibu yuniti nzima kwa siku, tayari umetoka kwenye nafuu hata ukiwa na mita yako. Na friji kwetu ni duka. Ndiyo inayogandisha barafu za ubuyu na ukwaju zinazouzwa watoto wakitoka madrasa, ndiyo inayolaza samaki wa mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, hadi kesho, ndiyo yenye maji baridi ya kuuza stendi. Mpaka wa yuniti 30 unamwambia mama huyo kwamba siku alipoanza biashara ndogo ya kujikwamua ndiyo siku aliyoacha kuwa mnyonge.

Mtu akikasirishwa na bei ya unga hubadilisha duka. Stima haina duka la pili. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango wa wasambazaji wengine, lakini mpangaji wa Tudor au Jomvu bado ana muuzaji mmoja, Kenya Power, ambayo serikali inamiliki hisa zaidi kidogo ya nusu. Kampuni hiyo hununua umeme kutoka KenGen, kampuni inayozalisha umeme, na kutoka wazalishaji binafsi, husafirisha sehemu kupitia njia kuu za KETRACO, shirika la usafirishaji umeme, na bei yake huidhinishwa na mamlaka ya udhibiti, EPRA. Juu ya bei ya msingi huwekwa gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya thamani ya dola na ya mfumuko wa bei, tozo ya maji, tozo ya mdhibiti, asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, kisha VAT ya asilimia 16. Kwenye ujumbe wa tokeni mtu huona jumla, na jumla haimfundishi kitu.

Gharama ya mafuta ina historia ya pekee kwetu. Kenya inajisifu, na kwa haki, kwamba sehemu kubwa mno ya umeme wake ni wa jotoardhi, maji, upepo na jua. Lakini Pwani iko mwisho wa njia ndefu kutoka visima vya jotoardhi vya Olkaria, na kwa miaka mingi imeegemea mitambo ya mafuta mazito: Kipevu hapa Changamwe, na Rabai ng'ambo ya pili ndani ya Kilifi. Watu wa Changamwe wamevuta moshi huo, na wamelipia mafuta yake kwenye tokeni sawa na mtu wa Kisumu. Mtambo wa jua wa Malindi wenye megawati 40, kule Langobaya, umesaidia, lakini jua huzama muda mfupi kabla ya saa ambayo nyumba zote huwasha taa na mapangaboi.

Usiku wa manane ndiko ninakotaka msomaji atulie kidogo. Mahitaji ya taifa hupanda jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi hadi saa nne. Baada ya hapo viwanda vingi vimelala, Nairobi imejifunika blanketi, na mahitaji huanguka. Visima vya mvuke Olkaria haviwezi kuzimwa kama taa, kwa hiyo imekuwa kawaida mvuke kuachiliwa hewani na umeme wa upepo wa Turkana kupunguzwa kwa kukosa mnunuzi. Saa hizohizo, kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ndizo ambazo mapangaboi ya Mombasa yanazunguka. Viwanda vilipewa bei ya punguzo ya usiku tangu Desemba 2017. Magari na pikipiki za umeme zilipewa kundi lao katika bei za 2023, na usiku hutozwa nusu ya bei ya mchana. Pikipiki imefikiriwa. Mtoto anayelala chumba cha joto Kisauni hajafikiriwa, ingawa umeme anaouhitaji ndio uleule unaotafutiwa soko.

Najua jibu la wahandisi: mita nyingi za tokeni za majumbani hazikuundwa kutofautisha saa. Ni kweli. Lakini mita hubadilishwa, na kampuni ina mpango wake wa kuleta mita mahiri. Swali ni nani ataanza kuzipata. Nikiulizwa, nitasema zianzie kwenye miji ya joto na nyumba za wapangaji wengi, kwa sababu huko ndiko zitakakouza umeme wa usiku ambao sasa haununuliwi.

Majirani wanatuonyesha kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine. Tanga, mwendo wa asubuhi moja kwa basi kutoka hapa, mteja mdogo wa TANESCO amekuwa akilipa Sh100 ya Tanzania kwa kila yuniti hadi 75, kisha Sh350 kwa zinazozidi. Mpaka ni zaidi ya mara mbili ya wetu, na anayeupita hapotezi zile 75 papo hapo. Uganda wana nafuu ya yuniti 15 za kwanza, chache kuliko zetu, lakini wakaongeza bei ya mapishi: kati ya yuniti 81 na 150 bei hushuka, ili mtu aache mkaa. Kwetu Kenya Power imekuwa na kampeni iitwayo Pika na Power, inayofundisha watu kupika kwa umeme. Ni kampeni nzuri. Lakini mpishi akifuata mafundisho anavuka 30, akipika maharagwe na wali kila siku anakaribia 100, na kila mpaka unamtoza faini ya yuniti zote zilizotangulia. Huwezi kumwita mtu jikoni kisha ukampandishia bei mlangoni.

Hoja ya upande wa pili ni ya fedha, na haifai kupuuzwa. Kampuni iliyowahi kupata hasara za mabilioni, yenye nguzo zilizooza na transfoma zinazoungua, haiwezi kuuza umeme chini ya gharama. Tena, bei ya ngazi humpa hata tajiri nafuu kwenye yuniti zake za kwanza. Sawa, tuhesabu. Mteja wa kundi la juu akipewa yuniti 30 za kwanza kwa bei ya chini, anaokoa karibu Sh262 kwa mwezi kwa bei za 2023. Fedha hizo zinaweza kurudishwa kwa kupandisha kidogo bei ya yuniti zilizo juu kabisa, zile za wenye viyoyozi vinne na bwawa la kuogelea, ambao matumizi yao ni mia kadhaa kwa mwezi. Hatuombi umeme wa bure. Tunaomba mzigo upangwe upya kati ya watumiaji wa majumbani wenyewe, na ngazi irudi mahali pake.

Ngazi pekee haitoshi kwa nyumba ya vyumba sita, maana yuniti 30 za nafuu zikigawanywa kwa sita ni tano tano. Ndiyo maana ninasisitiza nafuu ihesabiwe kwa kaya. Nyumba yenye kaya sita zilizothibitishwa ipewe yuniti 180 za bei ya chini kwenye mita ileile, hadi siku mita za vyumba zitakapofungwa. Kuthibitisha si kazi ngumu kama inavyodaiwa: wazee wa mtaa na machifu wanazijua nyumba zao vyumba kwa vyumba, na wapangaji wana vitambulisho na simu.

Kwa nini wapangaji wasiombe tu kila mmoja mita yake? Kwa sababu ombi linahitaji ridhaa ya mwenye nyumba na cheti cha fundi aliyeidhinishwa kwamba nyaya za chumba zimetenganishwa, na nyaya za nyumba ya miaka sitini zimepita darini zote pamoja. Mpangaji wa mwezi hadi mwezi hatatoa maelfu kutengeneza nyumba ya mtu. Mombasa tuna ugumu wa ziada: nyumba bila ardhi, ambapo mwenye jengo na mwenye kiwanja ni watu wawili, pengine wenye kesi mahakamani, na hakuna anayetaka kutia fedha ukutani.

Hapo ndipo serikali ya kaunti inapoingia, na imekaa kimya muda mrefu ikisema stima ni ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi kama sehemu ya mipango ya kaunti, na Sheria ya Kawi inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Bei hawawezi kuipanga. Lakini wao ndio wanaoidhinisha ramani za majengo: wanaweza kukataa jengo lolote jipya la kupangisha lisilo na mahali pa mita ya kila chumba. Wanaweza kuwapunguzia ada wenye nyumba wa zamani wanaotenganisha nyaya. Wanaweza kutuma mafundi vijana kutoka vyuo vya ufundi vya kaunti, wadi kwa wadi, kuhesabu ni mita ngapi Majengo, Likoni na Kisauni zinabeba kaya zaidi ya moja. Hesabu hiyo ndiyo silaha ambayo Mombasa haijawahi kwenda nayo kwenye vikao vya EPRA.

Kipindi cha bei kilichoanza 2023 kilipangiwa kufika ukingoni katikati ya 2026, na kila bei mpya, iwe lini, haiwezi kupitishwa bila umma kusikilizwa. Katika vikao vya aina hiyo wenye viwanda na wenye hoteli hufika na mawakili na majedwali. Wapangaji hufika, kama wamesikia, na malalamiko. Wawakilishi wadi wa Mombasa wana bajeti, wana ofisi na wana watu wa kuhesabu. Waende na majedwali ya wapangaji: kaya ngapi kwa kila mita, yuniti ngapi kwa kaya, pangaboi saa ngapi mwezi wa Machi, na shilingi ngapi zinazolipwa juu ya bei ambayo serikali yenyewe ilisema ni ya watu hawa.